Namna ya kusoma msimu mzima wa timu kwa kutumia msimamo wa ligi: mfano wa Cleveland Spiders, 1899

Katika vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa na Mafiati, msimamo wa ligi husomwa haraka sana. Jicho hushuka hadi kwenye jina la timu, huvuka hadi kwenye safu ya alama, na hukumu hutolewa hapo hapo: kocha hafai, kipa amechoka, wachezaji hawajitumi. Nimekaa katika vijiwe hivyo miaka mingi, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikitunza kumbukumbu za mechi za ligi ya kata yetu hapa jijini Mbeya. Nilichokiona ni kwamba hukumu ya namna hiyo mara nyingi humwangukia mtu asiyehusika. Msimamo hubeba habari nyingi zaidi ya alama, lakini hauzitoi kwa msomaji mwenye haraka. Unataka kusomwa kwa mpangilio, safu moja baada ya nyingine, na kila jibu lizae swali linalofuata.

Mpangilio huo nitauonyesha kwa kutumia msimu mmoja wa zamani, wa mwaka 1899, wa timu ya besiboli ya kulipwa iliyoitwa Cleveland Spiders, kutoka jiji la Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani. Timu hiyo ilishinda michezo 20 na kupoteza 134, na hadi leo huo ndio msimu mbaya kuliko yote kwa timu yoyote ya ligi kuu ya besiboli iliyocheza michezo 120 au zaidi. Nimeuchagua kwa makusudi. Katika msimu huo hakuna Simba wala Yanga, hakuna mjomba aliyewahi kuichezea timu, kwa hiyo mtu anaweza kuzitazama takwimu kwa utulivu. Zaidi ya hayo, sababu za anguko lile zinaonekana ndani ya takwimu zenyewe, mradi msomaji ajue aanzie wapi.

Kabla ya kuanza

Chukua kaunta buku, rula na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu utafuta mara nyingi. Chora safu za kutosha katika kurasa mbili zinazotazamana: ushindi, kupoteza, uwiano, mikimbio iliyofungwa, mikimbio iliyofungwa dhidi ya timu, nyumbani, ugenini, tarehe, na upande wa kulia kabisa acha safu pana isiyo na kichwa. Safu hiyo tutaijaza mwishoni.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, inatosha kufahamu machache. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu ya kupiga na zamu ya kulinda. Mrushaji wa timu inayolinda hurusha mpira kuelekea kwa mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akifanikiwa kuupiga na hatimaye kuzunguka vituo vyote vinne, timu yake hupata mkimbio mmoja. Mchezo una awamu tisa, na awamu hizo zikiisha timu zikiwa sawa, mchezo huendelea hadi mshindi apatikane. Sare hutokea kwa nadra tu. Mwaka 1899 viwanja havikuwa na taa, giza likiingia mwamuzi alisimamisha mchezo, na sare ya namna hiyo haikuhesabiwa katika uwiano wa timu. Ndiyo maana msimamo wa besiboli una safu mbili kuu tu, kushinda na kupoteza, na hauna alama tatu wala alama moja kama tulivyozoea katika mpira wa miguu.

Mkimbio pia usiulinganishe na bao. Kipindi kile wachezaji walivaa glovu ndogo ambazo hazikuusaidia sana mkono kudaka, na mipira iliyopigwa ikatoka nje ya mstari haikuhesabiwa kuwa kosa la mpigaji kama ilivyokuja kuwa katika National League, ligi waliyochezea Spiders, kuanzia mwaka 1901. Tangu mwaka 1893 mrushaji naye alikuwa amesogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, yaani kama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji. Timu kufunga mikimbio mitano au sita kwa mchezo lilikuwa jambo la kawaida.

Uwiano na pengo

Anza na uwiano. Gawanya idadi ya michezo iliyoshinda kwa idadi ya michezo yote iliyoamuliwa: 20 kwa 154 ni 0.130. Tarakimu hizo tatu ndizo zinazopanga timu katika msimamo wa besiboli. Ili upate kipimo cha ubaya wake, kumbuka kwamba mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza michezo 121 na kushinda 41, Marekani nzima ikawazungumza, lakini uwiano wao ulikuwa 0.253. Hiyo ni karibu mara mbili ya Spiders.

Baada ya uwiano, tafuta pengo kati ya timu yako na kinara. Katika mpira wa miguu tunatoa alama. Katika besiboli hesabu ni ndefu kidogo. Chukua tofauti ya ushindi, ongeza tofauti ya kupoteza, kisha gawanya kwa mbili. Bingwa wa mwaka 1899 alikuwa timu ya Brooklyn, iliyoshinda 101 na kupoteza 47. Tofauti ya ushindi ni 81, tofauti ya kupoteza ni 87, jumla ni 168, nusu yake ni 84. Spiders walimaliza michezo 84 nyuma ya bingwa.

Pengo na bingwa, hata hivyo, halielezi mengi kwa timu inayoshika mkia, kwa hiyo rudia hesabu hiyo hiyo kwa timu iliyo juu yake moja kwa moja. Mimi huipa hesabu hii uzito kuliko ile ya kwanza. Timu ya 11 kati ya 12 ilikuwa Washington, yenye ushindi 54 na kupoteza 98. Tofauti ya ushindi ni 34, ya kupoteza ni 36, na nusu ya jumla yake ni 35. Fikiria maana yake: timu ya pili kutoka mkiani ilikuwa mbele kwa michezo 35. Katika ligi yoyote, timu dhaifu huwa na wenzake wa kukaa nao mkiani, wakipishana kwa ushindi mmoja au miwili. Ukiiona timu imebaki peke yake kwa umbali kama huo, acha kuuliza kama wachezaji wanajituma na anza kuuliza ni nini kiliondolewa ndani ya timu hiyo.

Je, ilikuwa bahati mbaya?

Mashabiki wengi wa timu iliyoanguka hukimbilia bahati, na wakati mwingine wana haki. Kuna timu zinazofungwa moja bila wiki baada ya wiki huku zikigonga miamba. Kwa hiyo angalia mikimbio. Spiders walifunga 529 na wakafungwa 1,252. Gawanya kwa michezo 154: walifunga takribani mitatu na nusu kwa kila mchezo, wakafungwa zaidi ya minane.

Wapenzi wa takwimu za besiboli wana kanuni moja inayosaidia sana hapa. Zidisha mikimbio iliyofungwa kwa yenyewe, zidisha iliyofungwa dhidi ya timu kwa yenyewe, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili. Kwa Spiders jibu ni takribani 0.151, ambalo ukilizidisha kwa 154 unapata ushindi 23. Wao walipata 20. Bahati, basi, iliwanyang'anya michezo kama mitatu tu. Mingine yote waliipoteza kwa sababu walikuwa dhaifu kweli. Andika neno “dhaifu” katika daftari lako bila kuogopa, lakini usifunge ukurasa, maana bado hujajua udhaifu huo ulitoka wapi.

Nyumbani na ugenini

Hapa ndipo msimu ule unapoanza kusema. Katika safu ya nyumbani Spiders walishinda 9 na kupoteza 33. Katika safu ya ugenini walishinda 11 na kupoteza 101. Msomaji mwenye haraka atasema walikuwa wabovu zaidi ugenini, kama timu nyingi zilivyo. Usifanye haraka hiyo. Kabla ya kulinganisha ushindi, jumlisha kila safu: nyumbani walicheza michezo 42, ugenini 112. Ratiba ya haki ingewapa 77 kila upande. Tofauti hiyo haiwezi kutokea kwa bahati wala kwa mvua.

Sababu yake ilikuwa fedha ya mlangoni. Timu ngeni ililipwa sehemu ya viingilio, na Cleveland mashabiki walikuwa wameacha kuja, kiasi kwamba fungu la mgeni halikutosha nauli ya treni na malazi. Timu nyingine zikakataa kwenda, michezo ikahamishiwa kwenye viwanja vyao, na Spiders wakawa wanazunguka tu. Magazeti ya wakati huo yaliwaita watangatanga na watu waliofukuzwa kwao.

Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa sana maana ya safari kwa mchezaji. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na timu inayosafiri kwa basi hupita Makambako, Mafinga na Kitonga kabla mchezaji hajanyoosha miguu ipasavyo. Ipe timu safari ya namna hiyo wiki baada ya wiki, bila kurudi kulala nyumbani, kisha uitake ikimbie dakika za mwisho.

Hata hivyo, tukitaka kuwa waaminifu kwa takwimu, lazima tuipime sababu hii isije ikabeba mzigo usio wake. Uwiano wa Spiders nyumbani ulikuwa 0.214. Tuchukulie wangecheza michezo yote 154 kwa kiwango kile kile cha nyumbani: wangeshinda 33. Safari basi inaweza kueleza ushindi kama 13 uliopotea, na hilo si dogo, lakini kwa ushindi 33 bado wangekuwa mkiani, mbali kabisa na 54 za Washington. Ugenini uliwaumiza watu ambao tayari walikuwa wameumizwa na jambo jingine. Mazoea yangu ni kuifanya hesabu hii kila ninapopata sababu inayovutia, kwa maana sababu inayovutia ndiyo hutufanya tuache kutafuta.

Kwa njia, kupoteza michezo 101 ugenini ni rekodi ambayo haitavunjwa. Katika ratiba ya sasa kila timu hucheza michezo 162 na nusu yake, yaani 81, ndiyo ya ugenini.

Gawanya msimu kwa tarehe

Jumla ya msimu huficha mwendo wake. Kata msimu vipande kwa kufuata tukio linaloeleweka, si kwa kufuata miezi tu. Kwa Spiders kipande cha kwanza kinaishia mwanzoni mwa Juni, pale Lave Cross, aliyekuwa mchezaji na kocha kwa pamoja, alipoondoka. Chini yake timu ilishinda 8 na kupoteza 30. Aliyempokea, Joe Quinn, mzaliwa wa Australia, alimaliza na ushindi 12 na kupoteza 104.

Kijiweni jibu lingekuwa tayari: Cross alikuwa bora kuliko Quinn. Lakini uliza Cross alikwenda wapi. Hakufukuzwa, bali alihamishiwa timu ya St. Louis, kwa sababu ambayo nitaieleza punde. Quinn alikabidhiwa timu iliyopungukiwa mchezaji wake mmoja mzuri zaidi, yaani Cross mwenyewe, na sehemu kubwa ya safari zile za ugenini ilibaki mbele yake. Kumhukumu Quinn kwa 12 na 104 ni kumhukumu mpishi kwa chakula ambacho unga wake uliuzwa usiku.

Kisha tafuta mifululizo. Mkoani kwetu tunajua uzito wa mfululizo: tunaikumbuka siku ya Novemba 2022 pale Ubaruku, wilayani Mbarali, Ihefu ilipoifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Spiders walikuwa na mfululizo wa upande wa pili: kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba walipoteza michezo 24 mfululizo, na katika michezo 41 ya mwisho walishinda mmoja tu. Ukiitoa michezo hiyo 41, unabaki na ushindi 19 na kupoteza 94. Ni uwiano wa 0.168, mbovu bado, ila unaonyesha kwamba timu ile haikuanza ikiwa imekufa. Ilikufa njiani.

Mchezo wao wa mwisho kabisa, ugenini Cincinnati, walimpa kazi ya kurusha kijana aliyeitwa Eddie Kolb, ambaye alikuwa muuza sigara hotelini. Walifungwa 19-3. Kila ninapofika kwenye mstari huo hutua kalamu. Kijana wa dukani amesimama katikati ya uwanja wa ligi kuu, mbele ya wapigaji wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna mtu aliyejali tena nani anasimama pale.

Nani aliondoka, na alikwenda wapi

Sasa fungua msimamo wa msimu uliotangulia na uuweke kando ya huu. Hatua hii watu wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mwaka 1898 Cleveland walishinda 81 na kupoteza 68, wakashika nafasi ya tano. Mwaka huo huo St. Louis walishinda 39 na kupoteza 111, wakashika nafasi ya 12, ya mwisho. Mwaka 1899 St. Louis walishinda 84 na kupoteza 67, nafasi ya tano. Cleveland wakawa wa 12.

Timu mbili zilibadilishana nafasi zao barabara. Ukiliona jambo hilo katika daftari lako, weka penseli chini na uende kwenye habari za usajili na za umiliki, kwa kuwa takwimu zimekupeleka mlangoni na sasa unahitaji majina.

Majina yenyewe ni haya. Spiders walikuwa mali ya ndugu wawili, Frank na Stanley Robison. Timu ya St. Louis ilikuwa imefilisika mikononi mwa mmiliki wake, Chris von der Ahe, ikauzwa kwa mnada mwanzoni mwa 1899, na kina Robison wakaipata. Sheria za ligi wakati huo hazikumzuia mtu kuwa na timu mbili katika ligi moja. St. Louis lilikuwa jiji lenye mashabiki wengi na mapato ya mlangoni yenye matumaini, kwa hiyo ndugu hao wakawachukua nyota wa Cleveland na kuwahamishia huko: mrushaji Cy Young, ambaye alimaliza maisha yake ya mchezo na ushindi 511, rekodi isiyofikiwa na yeyote, mpigaji Jesse Burkett, Bobby Wallace, pamoja na kocha Patsy Tebeau. Timu ile ile iliyolitwaa Kombe la Temple, lililoshindaniwa na timu mbili za juu za ligi, mwaka 1895 ikabaki jina na jezi. Cross alipoonekana anafanya vizuri, naye akafuata.

Fanya sasa hesabu moja ya ziada, ambayo mimi huiona ni nzito. Mwaka 1898 timu hizo mbili kwa pamoja zilishinda michezo 120. Mwaka 1899, baada ya mpango wote ule wa kuhamisha nyota, zilishinda 104. Ndugu wale waliibomoa nyumba moja ili kuijenga nyingine, na matofali 16 yakapotea njiani. Wala St. Louis hawakuwa mabingwa. Walimaliza michezo 18 na nusu nyuma ya Brooklyn.

Haki inataka upande wa wamiliki nao usikilizwe. Frank Robison aliipenda besiboli na aliwekeza: uwanja uliofunguliwa mwaka 1891 aliujenga pale njia za tramu zake zilipopita, ili shabiki apande tramu yake na kuingia uwanjani kwake. Lakini jijini Cleveland michezo ya Jumapili ilipigwa marufuku, na Jumapili ndiyo siku ambayo mfanyakazi wa kiwandani alipata nafasi. Mwaka 1897 alipojaribu kuchezesha Jumapili, polisi waliingia na kuwakamata wachezaji. Hasira yake naielewa. Nisichokubali ni kwamba adhabu ya hasira hiyo ilibebwa na wachezaji na mashabiki, ambao hawakuitunga sheria ile.

Hesabu ya mlangoni

Idadi ya mashabiki huwa ya mwisho katika mpangilio wangu, kwa sababu ukiianza mapema itakudanganya kuwa ndiyo chanzo. Katika msimu mzima wa 1899 watu 6,088 walilipa kuingia kuwatazama Spiders nyumbani. Gawanya kwa michezo 42: ni wastani wa watu 145. Mechi moja tu kubwa katika Uwanja wa Sokoine huingiza watu wengi kuliko msimu wote ule. Wamiliki walisema jiji halipendi besiboli; takwimu zikisomwa kwa tarehe zinasema kwamba watu wa Cleveland waliona nyota wao wakiondoka kabla ya mchezo wa kwanza, nao wakakataa kulipia mabaki.

Msimu ulipoisha, ligi ilipunguzwa kutoka timu 12 hadi 8, na Cleveland ikawa miongoni mwa nne zilizofutwa, pamoja na Baltimore, Louisville na Washington. Umiliki wa timu mbili katika ligi moja ulikuja kupigwa marufuku. Cleveland yenyewe ilirudi ligi kuu mwaka 1901 kupitia ligi mpya, American League, na timu hiyo ipo hadi leo kwa jina la Guardians.

Kuufanya mpangilio huu kwa timu yako

Mpangilio ni ule ule kwa timu ya mtaa wa Uyole, ya Mafinga au ya Njombe. Kinachobadilika ni kwamba kumbukumbu utazitunza mwenyewe, kwani hakuna atakayekutunzia. Nalisema hili kwa uchungu. Msimu mmoja timu ya mtaa wetu iliongoza ligi ya kata hadi Novemba, kisha ikapoteza mechi sita kati ya saba. Kocha akalaumiwa, akaondolewa, na hadi leo wapo wasiomsalimia. Mimi ndiye niliyetunza daftari, na nilikuwa nimeandika matokeo tu.

Miezi kadhaa baadaye kijana aliyekuwa akibeba mipira alinionyesha kijitabu chake. Kilikuwa kimekunjika, kimeingia tope la uwanjani, na kwa penseli alikuwa ameandika majina ya waliovaa jezi kila Jumamosi, kwa sababu yeye ndiye aliyezihesabu jezi wakati wa kuzikusanya. Nililinganisha kurasa mbili, ya Oktoba na ya Desemba. Majina matano hayakuwepo. Mvua zilikuwa zimeanza, na wachezaji watano wa kikosi cha kwanza walikuwa wamekwenda Umalila kupanda viazi katika mashamba ya wazazi wao. Hakuna kocha ambaye angeshinda bila watu hao, na mimi ningeweza kulisema hilo kwa wakati kama ningekuwa na safu moja zaidi.

Kwa hiyo, kila mechi andika tarehe, uwanja, nyumbani au ugenini, matokeo, majina ya wote walioanza, majina ya walioingia, hali ya hewa na idadi ya watazamaji, hata kama ni ya kukadiria kwa macho. Mchezaji akiondoka, andika tarehe ya kuondoka na mahali alikokwenda, maana jibu la pili ndilo lililoifichua siri ya Cleveland. Mwisho wa msimu weka kando ya daftari hilo la msimu uliotangulia kabla hujamlaumu mtu yeyote.

Ukitaka mazoezi mazuri, yapo karibu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda ligi kuu, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Misimu ya mafanikio husomwa kwa njia ile ile kama ya maanguko: gawanya nyumbani na ugenini, kata kwa tarehe, tafuta nani alifika, kisha nani aliondoka mwaka uliofuata. Kwa msimu wa 1986 utahitaji kupanda gari hadi Tukuyu na kuketi na wazee waliokuwepo, na ni vyema usichelewe.

Sasa rudi kwenye ile safu pana ya kulia uliyoiacha bila kichwa. Andika juu yake “Sababu”. Ijaze kwa penseli, na usipitishe wino juu ya neno lolote hadi upate mtu wa pili aliyekuwepo uwanjani siku hiyo akakuambia jambo lile lile bila wewe kumwuliza kwa kumwongoza.